Mashini ilizimika, kwaya ikaendelea kuimba

Mukubwa,

Nakusalimu kutoka Katindo, hapa hapa Goma. Mimi ni kijana wa miaka 24, napiga biti na kurekodi watu. Studio sina. Studio yangu ni begi: laptopu, kadi ya sauti ya kuchomeka mikro mbili, mikro zenyewe, hedifoni na furushi la waya. Anayenihitaji ananipigia simu, navaa begi mgongoni, napanda pikipiki, namfuata aliko. Nimerekodi marapa kwenye chumba cha kulala kule Ndosho, na harusi moja ya Himbi ambayo mpaka leo hawajanilipa.

Mwezi uliopita kwaya moja ya kisiwa cha Idjwi ilinialika niwarekodie nyimbo nane. Walinitangulizia dola 120, zilizobaki ni kazi ikiisha. Nikapanda boti asubuhi, begi nimelifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Kanisani hakuna umeme, hilo nililijua. Laptopu niliyonayo niliachiwa na binamu yangu, nami nilihesabu betri itanifikisha masaa mawili. Ilinipa dakika sabini. Tulikuwa kwenye wimbo wa tano, akina mama wameshapanda juu kabisa, mwalimu wa kwaya amefumba macho, skrini ikawa nyeusi. Wao hawakujua. Waliimba hadi mwisho, mimi nimekaa na hedifoni masikioni, natikisa kichwa kama mtu anayesikia kitu.

Nyimbo nne zipo. Faili za ule wa tano naziona kwenye folda ila hazifunguki, programu inasema zimeharibika. Mwalimu wa kwaya ananiandikia kila siku kwamba wa tano ndio uliotoka vizuri kuliko yote, nimtumie hata kipande. Namjibu kwamba kazi inaendelea.

Sasa nataka mashini nyingine. Nina dola 300: 180 ni akiba yangu, 120 ni zile za kwaya. Ushauri umenizidi. Muuzaji mmoja wa Birere ana laptopu ya okazioni, yaani iliyotumika, imebandikwa i7, skrini pana, anataka 280. Rafiki yangu anasema nitafute ile ya michezo yenye taa nyekundu kwenye kibodi, ndiyo yenye nguvu. Dukani kuna mpya kabisa, bado iko kwenye katoni, 230 na garantii ya mwaka mmoja, na mama anasema kipya ni kipya. Shemeji ananicheka, anasema siku hizi wimbo mzima unatengenezwa kwenye simu. Mjomba yuko Kampala, anasema nitume pesa atanichagulia.

Ninunue ipi? Na kwaya niwaambie nini?

Begi Mgongoni, Goma

*

Mdogo wangu,

Mambo ya kununua yasubiri kidogo. Tuanze na wimbo wa tano, maana nadhani haujafa.

Zile faili usizifute, na usiendelee kuzifungua-fungua. Zinakili kwanza kwenye flashi, kisha ushughulike na nakala. Tazama ukubwa wake. Mikro moja ikirekodiwa kwa sampuli 48,000 kila sekunde na biti 24 (biti za kompyuta hizo, si zile unazopiga) inakula karibu MB 8.6 kwa dakika. Kama wimbo ulikuwa umefika dakika tatu na faili ina MB 25 hivi, sauti imo ndani. Kama inaonyesha 0, pole, hakuna cha kufukua.

Programu ikianza kurekodi faili ya WAV huandika kwanza kichwa cha faili: hii ni sauti, sampuli ni kadhaa, biti ni kadhaa, urefu ni huu. Mahali pa urefu huachwa bila hesabu ya kweli kwa sababu wimbo haujaisha. Hujazwa pale unapobonyeza kusimamisha. Wewe hukuwahi kubonyeza. Basi faili yako ina mwili wake wote na kichwa kinachodanganya, na programu inayoamini kichwa inakataa kuifungua. Chukua Audacity, ni ya bure. Usiibofye ile faili. Ingia Fichier, halafu Importer, halafu Données brutes, kwa kuwa mashini nyingi za hapa mjini zinaongea Kifaransa. Itakuuliza yale ambayo kichwa kingeisimulia: jibu biti 24, chaneli moja, sampuli 48,000 au chochote ulichokuwa umeweka siku ile. Ukikosea utasikia mngurumo kama mvua ya mwezi wa nne juu ya mabati. Usishtuke, rudi ujaribu kuanzia baiti ya 1 au ya 2 badala ya 0, kwa sababu biti 24 husomwa baiti tatu tatu na urefu wa kichwa huenda usigawanyike kwa tatu; au jaribu biti 16, au chaneli mbili. Ukipatia, utasikia mlio mfupi wa kugonga, ndicho kichwa chenyewe kinachopigwa kana kwamba ni sauti, na baada yake akina mama wa Idjwi. Sekunde chache za mwisho huenda zikawa zimepotea kabisa kwa sababu hazikuwahi kufika kwenye diski. Hizo ziache.

Sasa mashini.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unaposema ile laptopu ya binamu ilikwama. Sikupaona. Hukusema sauti ilikatika-katika, hukusema programu iliganda. Ilirekodi nyimbo nne, mikro mbili, na ya tano ilikuwa inaendelea vizuri. Kilichokata roho Idjwi ni betri. Kwa hiyo wiki hii usinunue laptopu yoyote. Rudi umalize nyimbo nne zilizobaki na hiyo hiyo ya zamani, ulipwe, ndipo uingie sokoni ukiwa na pesa yako, si ya watu.

Utaimalizaje bila umeme? Unapofika Idjwi uliza ni nani anayechaji simu za watu kwa sola. Huyo ana betri kubwa ya volti 12 na inveta. Betri ya Ah 40 (ampea-saa) ina Wh 480 (wati-saa, yaani 12 mara 40) kwa hesabu ya daftari, lakini betri ya risasi usiinywe kupita nusu, kwa hiyo hesabu 240. Laptopu ya zamani ikivuta wati 30, ukitoa kinachopotea njiani kwenye inveta, una masaa sita hivi. Ikodi kwa siku moja. Na namna ya kuitumia ni hii: chaji wakati kwaya inapumzika, wanapokunywa maji, wanapogombana juu ya sauti ya pili. Wakiwa tayari kuimba, chomoa chaja, rekodi kwa betri ya ndani. Wimbo ni dakika tano, betri yako mbovu inazo dakika tano. Faida nyingine utaisikia mwenyewe: inveta za bei rahisi hutoa umeme wenye makunyanzi, na yale makunyanzi hupita kwenye chaja yakaingia kwenye kadi ya sauti yakawa mlio wa nyuki nyuma ya kwaya. Ukichomoa, nyuki anaondoka.

Ukishalipwa, tuje kwenye orodha yako.

Ile i7 ya Birere. Mwaka 2019 mimi pia nilinunua i7 Birere. Nilikuwa nimeacha redio nilikokuwa fundi sauti, nataka kujitegemea, na ile karatasi ndogo ya bluu iliyobandikwa karibu na kibodi ilinipofusha. Nilifika nyumbani nikafungua wimbo wenye traki ishirini, mashini ikaanza kukohoa kwenye kiitikio. Ilikuwa i7-5600U. Sikujua kusoma ile namba, na muuzaji hakuona sababu ya kunifundisha.

Wewe isome. Namba ikiwa na tarakimu nne, ya kwanza baada ya kistari ni kizazi cha prosesa, ubongo wa kompyuta: 5600 ni kizazi cha tano, 8250 ni cha nane. Herufi U mwishoni maana yake ni prosesa ya laptopu nyepesi, isiyokula umeme mwingi. Na hapa ndipo penye siri ambayo karatasi ya bluu haikuambii: prosesa za Intel za U zilikuwa na viini viwili tu (kiini ni sehemu inayofanya hesabu), ziitwe i5 au i7, hadi kizazi cha saba. Kizazi cha nane kilipoanza kutoka mwaka 2017, i5 na i7 za U zikapata viini vinne. Kwa hiyo i5-8250U yenye jina dogo inaizidi i7-7500U yenye jina kubwa kwa kazi kama yetu, ambapo kila traki na kila athari ya sauti unayoiwekea inaweza kupewa kiini chake. Ukiwa pale kwa muuzaji bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, soma jina la prosesa na idadi ya viini. Usimwulize yeye. Kama ni vinne na namba inaanza na 8, tuendelee kuzungumza. Kama ni viwili, hata kwa dola 150 mwachie.

Kizazi cha nane kina sababu nyingine. Windows 11 inakubali prosesa za Intel kuanzia hicho kizazi, na Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana utakuta mashini za kizazi cha sita na cha saba zimejaa sokoni zinang'aa, bei imelala. Kwa mtu anayeandika barua na kuprinti ni riziki. Wewe zipite.

Ya michezo yenye taa nyekundu: rafiki yako hajadanganya, nguvu ipo. Lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo ni kadi ya picha, na kwaya haina picha. Utakuwa umelipia injini ya lori ili ubebe magitaa. Halafu ina chaja nzito kama tofali, betri inayoisha kabla ya sala ya ufunguzi, na feni inayovuma. Feni ikivuma mita moja kutoka kwenye mikro, nayo imejiunga na kwaya.

Ile mpya ya kwenye katoni, kwa bei hiyo, mara nyingi ndani ni Celeron, prosesa dhaifu ya viini viwili, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 iliyounganishwa na bodi kwa risasi, na hifadhi ya eMMC, ya polepole, ya GB 64. Fungua karatasi ya pembeni ya katoni usome. Ikiwa ni hivyo, Windows peke yake imeshakaa kwenye kiti, wewe na nyimbo zako mnasimama. Huwezi kuiongezea RAM, huwezi kubadilisha diski. Garantii ya mwaka mmoja itakuhakikishia mwaka mmoja wa kusubiri. Mama ana haki kabisa kwa mambo ya viatu na masufuria, na usimjibu vibaya. Mwambie tu kwamba unatafuta kilichotumiwa na wazungu wa ofisini, atakuelewa.

Maana ndicho hasa unachotafuta. Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani hukodi laptopu kwa maelfu, baada ya miaka mitatu au minne huzirudisha zote kwa mkupuo, na mashini hizo hupangwa kwenye makontena zikafika Dubai, Kampala, Kigali, na hatimaye kwetu. Hazina urembo. Ni nyeusi au kijivu kama suti ya mhasibu. Lakini zilitengenezwa zifunguliwe na kurekebishwa. Za mwaka 2018, zenye kizazi cha nane, ni kama Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5. Zote tatu zina nafasi mbili za RAM. Kwa kwaya na mikro mbili, GB 8 zinatosha. Ukianza kupakia piano na vinanda vya programu utataka 16, na siku hiyo utaongeza kipande kimoja, hutanunua mashini nyingine.

Mimi kwa mtu wa begi ningechagua T480, na sababu yangu ni Idjwi. Ile mashini ina betri mbili. Moja ndogo ya Wh 24 imejificha ndani, nyingine iko nje kwa chini na inachomoka kwa vidole. Hiyo ya nje ina saizi kadhaa. Iliyo kubwa, inayotokeza kama kisigino cha kiatu, ni Wh 72. Ya ndani ikiwa nzima unachomoa ya nje iliyokwisha, unaweka nyingine, mashini inaendelea kurekodi kana kwamba hakuna kilichotokea. Laptopu ya aina hiyo ikirekodi tu, intaneti imezimwa na mwanga wa skrini umeshushwa, ivute tuseme wati 15: betri moja nzima ya kisigino inakupa karibu masaa matano. Weka ya pili kwenye begi, umemaliza misa na ubatizo. Ila angalia herufi. T480s ni mdogo wake mwembamba, anapendeza, na hana betri ya nje. Wauzaji humchanganya na kaka yake, wengine kwa kutojua, wengine kwa kujua.

MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 nitaitaja kwa sababu najua utaniuliza. Haina feni kabisa, iko kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, na kwa sauti ni mashini safi sana. RAM yake haiongezeki, na kwa mfuko wako wa sasa bado iko ng'ambo ya ziwa.

Hilo la feni halitoki kichwani mwangu, na anayeishi Goma anajua kwa nini. Vumbi letu ni jiwe la volkano ya Nyiragongo lililosagwa na magurudumu: jeusi, kali, linakwaruza. Nilipoifungua ile i7 yangu kuona kwa nini inachemka, nilichomoa feni nikaigonga juu ya gazeti, ukadondoka unga mweusi wa kujaza kijiko cha chai, na mapezi ya shaba ya kupoozea yalikuwa yamezibwa na kitu kama blanketi. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na wewe unadhani programu ndiyo mbovu. Basi mashini utakayonunua, hata ukiambiwa imesafishwa, ifungue kifuniko cha chini wiki ya kwanza. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, puliza, kisha rudia kila baada ya miezi mitatu hivi. Na kwenye pikipiki isisafiri ikiwa imelala usingizi tu, izime kabisa. Ile ya kulala huamka yenyewe ndani ya begi ikajipika.

Siku ya kununua, nenda na begi lako lote. Muuzaji akikuona unachomeka mikro dukani kwake atacheka, mwache acheke. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ugonge Enter. Kompyuta itatengeneza ukurasa na kukuambia imeuweka wapi. Tafuta mistari miwili: uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani, na uwezo ilionao leo ikijaa. Kama ilitoka na 72,000 na leo ina 30,000, unanunua betri iliyokula zaidi ya nusu ya maisha yake, na bei ishuke kwa thamani ya betri mpya. Dakika mbili za kazi hii zingekuokoa kule Idjwi.

Izime na uiwashe tena, ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, uone kama inakuruhusu kuingia kwenye mipangilio ya ndani bila nenosiri. Hizi zilikuwa mali za kampuni, na nyingine hufika huku bado zimefungwa kwa kufuli la mwenyewe. Chomeka chaja kwenye tundu la USB-C, utikise waya polepole: kwenye T480 tundu hilo huchoka, na kama chaji inawaka na kuzima ukitikisa, weka chini uondoke. Halafu fungua wimbo wako mzito kuliko wote, ule wenye traki nyingi, uupige mfululizo kwa dakika ishirini bila kuugusa. Sikiliza kama sauti inapasuka, gusa chini ya mashini usikie joto. Kama ana haraka, mwambie na wewe dola zako hazina haraka. Na hizo dola ziwe safi, unajua wenyewe walivyo: noti yenye mpasuko wa ukucha itarudi na wewe Katindo.

Diski iwe SSD, ile isiyo na kinachozunguka ndani, hilo silijadili. GB 256 zinatosha kuanzia. Fanya hesabu: mikro nane kwa saa nzima kwa ile 48,000 na biti 24 ni GB 4 na kidogo, na wewe una mikro mbili tu. Lakini jioni, kabla hujala, nakili kila kitu kwenye flashi, na flashi isisafiri kwenye begi moja na laptopu. Boti ikiyumba, iwe mfukoni mwako.

Kwa upande wa programu, kama unatumia FL Studio ya majaribio tayari unajua adhabu yake: unaweza kuhifadhi kazi, huwezi kuifungua tena mpaka ulipe. Kabla ya kulipa, soma vizuri ni toleo gani linaruhusu kurekodi sauti. Nakala zilizovunjwa kufuli zinazopitishwa kwenye flashi mjini sizitaki kwenye mashini ya mtu anayebeba kazi ya watu. Nyingi zina wageni ndani, yaani virusi. Reaper ni nyepesi sana, inakubali hata laptopu ya binamu yako, unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu mwenye kipato kama chetu ni dola 60. Huko ndani kuna kitu kinaitwa bafa, kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukishughulikia. Ukirekodi iweke sampuli 128: kwa sampuli 48,000 huo ni ucheleweshaji wa milisekunde 2.7, kama mwimbaji aliyesimama chini ya mita moja kutoka kwenye spika. Ukichanganya sauti nyumbani ipandishe hadi 1024, mashini ipumue. Ukisahau ukaiacha 1024 wakati wa kurekodi, mwimbaji atajisikia kwenye hedifoni kana kwamba sauti yake inatokea mlangoni mwa kanisa, ataanza kuvuta, na mtalaumiana bure.

Shemeji na simu yake usimdharau. Kwa kushika wazo la biti ukiwa njiani, simu inatosha na kubaki. Kwa mikro mbili na kwaya ya watu thelathini, hapana.

Na mjomba wa Kampala ndiye mshauri wako bora kuliko wote, kwa sharti moja: awe tayari kusimama dukani dakika arobaini. Kampala mashini za namna hii ni nyingi kuliko huku. Mtumie haya niliyoandika, akupigie picha ya ukurasa wa betri na ya ukurasa wa prosesa kabla hujatuma hata dola moja. Mjomba wa kusema "niamini tu" ni mzuri kwa mahari.

Kwa njia, usione haya kwa kukosa studio. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa lake mwaka 1952, kule Jadotville tunakokuita Likasi leo, alikuwa msafiri mwenye vyombo vyake, kama wewe. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na gari.

Imebaki kwaya, na zile 120.

Hizo pesa bado si zako. Umezilipia nyimbo nne, unadaiwa nne. Ukiziingiza kwenye laptopu leo na mambo yakaharibika, utakuwa umenunua mashini kwa jina lako na deni kwa jina la parokia, na Idjwi ni kisiwa, habari haina pa kutokea. Tumia sehemu yake kwa nauli ya boti na kukodi ile betri, hiyo ni gharama ya kazi yao. Nyingine ziweke.

Na mwambie mwalimu wa kwaya. Usimwandikie ujumbe, mpigie, umwite "mwalimu" kama unavyomwita siku zote, umweleze kwa sentensi zisizozidi tatu au nne: betri ilikwisha katika wimbo wa tano, nilinyamaza kwa aibu, nakuja siku fulani kumalizia bila malipo ya ziada. Atakaa kimya kidogo. Usiujaze ule ukimya kwa maelezo ya kizazi cha nane.

Kama Audacity imekurudishia kipande, usiwaombe waimbe mwisho tu ili uunganishe. Kwaya isiyo na kinanda haikai kwenye noti ileile hadi mwezi ujao, mshono utasikika hata kwa mtoto. Waimbe wote upya tangu mwanzo. Kile kipande kipeleke kwenye flashi, na kabla hawajaanza mpe mwalimu hedifoni akisikilize mpaka pale kinapokatika.